Mkono wa Mama Kwenye Kona ya Rejaf

Saluni yangu iko soko la Custom, hapa Juba, nyuma ya wauza vipuri vya pikipiki, na Jumapili mchana ndiyo saa pekee ambayo hakuna mteja wa kuniambia msuko unamuuma. Nikitoka kanisani nashusha shata ya mlango nusu, nasukuma viti ukutani, natoa baiskeli stoo na kuifunga kwenye stendi. Stendi yenyewe ni vyuma vilivyochomelewa hapa hapa sokoni. Inainua gurudumu la nyuma na kulikalisha juu ya rola, ukanyage mpaka uloe jasho na usisogee hata hatua. Kompyuta naiweka mbele yangu, juu ya meza ya kusukia. Kushoto vioo, kulia vioo, na kwenye rafu vichwa vya plastiki vilivyovaa wigi, vyote vinanitazama. Siku ya kwanza nilivigeuzia ukuta. Nikaona visogo ndivyo vibaya zaidi, nikavirudisha vilivyokuwa.

Hivyo ndivyo klabu yetu inavyoendesha baiskeli siku hizi, kila mtu kwake, wote kwenye barabara moja ya ndani ya kioo cha kompyuta.

Kabla ya hapo tulikuwa watu wa barabara kweli. Tulikutana Custom baada ya ibada, tukaelekea kusini, mto mkono wa kushoto, mpaka Rejaf, ambako mjomba wangu na mkewe walikuwa na shamba na nyumba ya matofali waliyoijenga waliporudi kutoka Uganda. Mke wa mjomba ndiye aliyenilea tangu ukimbizini. Nilimwita Mama, na sijawahi kumwita mtu mwingine hivyo. Alitupikia. Tulifika na vumbi mpaka kwenye kope, tukakuta asida, ugali wa kwetu, na samaki chini ya paa la nyasi, tukala bila aibu. Mjomba alikuwa akija mjini kusali, kisha anaongoza msafara kurudi kwake. Umri wake haukuonekana miguuni, na hilo alilijua, na alihakikisha nasi tunalijua.

Na tulikuwa na desturi yetu ya kuita namba. Wa mbele anasema moja, anayemfuata mbili, hivyo hivyo hadi wa mwisho, ambaye anasema namba yake na kuongeza khalas, yaani nyuma yangu hakuna mtu. Si kapteni wetu aliyeianzisha. Ilianza kwa sababu ya Mama, aliyechoka kusonga asida ya watu kumi wakatokea kumi na wanne, akaanza kuja njiani kutaka hesabu. Mjomba aliikubali kwa shida. Kambini alikuwa amehesabiwa na wageni mpaka akaapa kwamba hatasimama tena kwenye mstari wa mtu. Lakini aliyetaka hesabu sasa alikuwa mkewe, na kila mtu alijiita mwenyewe.

"Mimi hakuna mtu atahesabu mimi tena," alituambia kwa Kiswahili chake cha Arua, kule Uganda. "Namba yangu mimi naita mwenyewe."

Jumapili moja mwalimu wa kompyuta, mwanachama mwenzetu, alifunga kamera ndogo kwenye usukani wa mjomba akarekodi safari nzima. Alitaka kuwaonyesha ndugu zake walio mbali kwamba Juba pia watu wanaendesha baiskeli kwa raha. Siku ile tulikuwa wengi. Mjomba mbele, mimi nyuma yake, wengine mstari mrefu nyuma yangu. Miezi michache baadaye Mama alishikwa na homa, na kabla hatujakubaliana tumpeleke hospitali ipi, akatutoka.

Barabara nayo ikatushinda. Malori ya maji na ya mchanga yalizidi, na mambo mengine ya njia ile ambayo sina hamu ya kuyaandika, mpaka wake na waume wa nyumbani wakakataa katakata. Klabu ikabaki ya kutumiana salamu kwenye simu. Ndipo mwalimu akaja na programu yake.

Aliitengeneza mwenyewe kutokana na ile filamu ya mjomba. Unabandika kisensa, kifaa kidogo cha kupima mzunguko, kwenye gurudumu, na filamu inafuata mwendo wako. Ukikanyaga haraka, barabara inakwenda haraka. Ukilegea, inalegea. Ukisimama, kila kitu kinasimama. Sauti aliiondoa kwa sababu kamera ilikuwa imerekodi upepo mtupu. Juu ya kioo kuna mstari wa njia nzima, na juu ya mstari huo sisi wote ni vikaragosi vidogo vya rangi, miguu inazunguka. Kapteni ni wa njano, mimi mwekundu. Kuongea tunaongea kwenye simu ya pamoja.

Kwa kuwa mtandao wetu mnaujua, mwalimu aliongeza kitu. Mtandao ukimkatikia mtu, programu haimwondoi njiani. Inachukua mwendo wake wa mwisho na kuendelea kumwendesha vile vile mpaka arudi. Yeye kwenye kompyuta yake anaona filamu kama kawaida, inatii gurudumu lake. Sisi huku tunaona kikaragosi chake kinakanyaga, kumbe ni mashine inabahatisha. Tulikiita kivuli. Kapteni, Mganda mwenye duka la vipuri vya baiskeli hapa hapa Custom, alishikwa akizima mtandao kwenye mwinuko makusudi ili kivuli kimpandie.

"Mimi iko mzee, acheni kivuli isaidie mimi," alisema, nasi tukacheka mpaka tukapoteza pumzi.

Na hapo ndipo tulipojifunza tabia ambayo nadhani ni sisi tu wa Juba tungeweza kuifanya bila kuona ubaya wake. Namba tuliendelea kuita kama zamani. Lakini mtu akikatika, mwenzake alimwitia. "Tano, na sita yupo, namuona." Ilikuwa wema tu. Nani hapa hajawahi kukatika?

Safari ya kwanza ilikuwa ya furaha mpaka tulipotoka mjini. Ndipo nikaanza kuwaona watu. Yule mama wa dumu la manjano kichwani. Yule bwana anayekojoa ukutani, ambaye kila Jumapili tunamkuta hajamaliza. Mbwa anakatiza njia, na mbwa yule nilimjua, aligongwa na lori siku nyingi zilizopita. Nikipunguza mwendo, nao walipunguza. Mama wa dumu aliinua mguu akabaki nao hewani, akinisubiri. Nilijiambia ni filamu, wewe mwanamke, ni filamu. Lakini ngozi ya mikono yangu haikunisikiliza.

Tukakaribia kona ya Rejaf, pale penye mwarobaini, karibu na nyumba ya mjomba. Mama alikuwa amesimama kando ya njia na kitenge chake cha kijani, mkono unaanza kuinuka. Kwenye simu kelele zote zikakatika. Nilisikia kapteni akisema polepole, "Yesu wangu." Tulimpita wote, na mkono wake ukatupungia, na akatoka upande wa kulia wa kioo. Nilimaliza safari ile nikilia, na machozi niliyapangusa kwa taulo la mteja.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilimwambia mjomba.

Tangu msibani alikuwa hataki kusikia habari za klabu. Alikaa peke yake kwenye ile nyumba ya Rejaf, akipika ugali mbaya na kunikatalia kila nilichomwomba. Nilitaka aje akae kwangu mjini. Tuligombana vibaya. Aliniambia amekuwa mgeni katika nyumba za watu maisha yake yote, na hatakuwa mgeni tena, hata kwa mtoto aliyemlea. Mimi nina ulimi wangu, nikamjibu. Tukaacha kupigiana simu. Sasa alipopata ujumbe wangu kwamba mkewe yuko kwenye ile filamu, alikuja mwenyewe dukani kwa kapteni akachukua stendi na kisensa, akaazima na kompyuta, akarudi navyo Rejaf. Jumapili iliyofuata, nyuma ya mstari, kulikuwa na kikaragosi cha bluu.

"Nane, khalas," akaita. Sauti ilikuwa kavu. Mimi nilikuwa saba. Nilifurahi kupita kiasi.

Zamani alikuwa wa mbele siku zote. Sasa alitaka kuwa wa mwisho, na haikuchukua muda tukajua kwa nini. Kwenye kona alisimama. Kikaragosi cha bluu kiliacha kuzunguka miguu, nasi wengine, kwa kuwa klabu yetu haimwachi wa mwisho, tukasimama mbele yake tukisubiri. Hakuna aliyemuuliza. Alikaa pale kidogo, kisha akasema, "Malesh, mnisamehe jamaa, twende," na tukaenda.

Baadaye muda ule ukawa mrefu. Kapteni alianza kupika chai wakati wa kusubiri. "Mzee iko na bibi yake, mwache," alisema, bila kumcheka. Mimi nilikaa juu ya baiskeli, vichwa vya wigi vikinitazama, nikijua kwamba huko Rejaf mjomba wangu amekaa kwenye chumba kilichofungwa, uso kwa uso na mkewe aliyeganda.

Siku moja wengine walipokata simu, yeye hakukata.

"Biniya," akaniita. Hilo ndilo jina lake kwangu, binti tu, tangu nikiwa mdogo. "Wewe ulijaribu kwenda polepole sana pale? Polepole kabisa?"

"Hapana."

"Ukisukuma gurudumu kwa mkono, kidogo kidogo, mdomo yake inafunguka. Iko anasema kitu. Kwangu mimi. Siku ile mimi nilipita haraka, sikusikia. Sasa sikumbuki alisema nini."

"Mjomba, filamu haina sauti."

"Najua haina. Lakini leo ilibaki kidogo nisikie."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, na kwa kuwa mimi nikiogopa hukasirika, nikamwambia aache upuuzi, ale vizuri, aje mjini. Akakata simu. Nilibaki peke yangu saluni, na baada ya kuhakikisha shata imeshuka nikalisogeza gurudumu langu kwa mkono, kama alivyosema. Mama alikuja hatua kwa hatua. Kitenge kilipeperuka kidogo kikaganda. Mdomo ukafunguka. Ulikuwa kweli unasema kitu. Nikazima kompyuta kwa kubana kile kidude cha kuwashia, nikatoka nje nikakaa na wauza vipuri mpaka mwili ulipotulia.

Tangu siku ile nilimchunga mjomba kwa namna moja tu niliyobakiwa nayo. Sikumpigia, kiburi kilinizuia, na yeye asingepokea. Lakini kila Jumapili nilikitazama kile kikaragosi cha bluu. Kikizunguka miguu, mjomba yu hai. Kikisimama kwenye kona, mjomba yuko kwa mkewe. Kikiondoka, amerudi kwetu. Nilikuwa nahesabu muda anaokaa pale kwa kusikiliza birika la kapteni likichemka kwenye simu, na kila wiki birika lilimtangulia mjomba kwa muda mrefu zaidi. Nilianza kuhisi kwamba siku moja hatasema twende. Mama yangu, niliyempenda kuliko mtu yeyote, nikaanza kumchukia pale aliposimama.

Halafu ikaja Jumapili ya mvua.

Ilianza tukiwa bado mjini, mvua ya Juba ile inayopiga mabati mpaka huwezi kusikia unachofikiri. Mtandao ukaanza kukatika huku na huku. Tulipotoka mjini kapteni akaanzisha namba, na kila mtu akaita kwa kelele. Saba nikaita mimi. Baada yangu, kimya.

"Mzee?" akauliza kapteni. Kimya. "Mzee mtandao yake imekatika. Nane yupo, mimi naona yeye. Khalas."

Na kweli alikuwepo. Bluu ilikuwa nyuma yangu kama kawaida, miguu inazunguka. Tukaendelea. Mama wa dumu, bwana wa ukutani, mbwa. Tukafika kwenye kona, nikampita Mama bila kumtazama usoni, maana nilikuwa nimejizoesha hivyo, nikalegeza miguu tayari kwa kusubiri.

Bluu ikapita.

Haikusimama, haikupunguza hata kidogo. Ilipita kona ikanifuata, miguu inazunguka vile vile, mduara baada ya mduara.

Kwenye simu walishangilia. Kapteni alipiga kitu, sijui meza au sufuria. "Mzee leo amepita! Mungu mkubwa! Leo roho yake imepona!" Mwalimu akasema alijua tu, muda unatibu. Mwingine akaanza wimbo wa kanisani. Walifurahi kwa moyo safi, na mimi nilikitazama kile kikaragosi. Mjomba wangu angempita mkewe? Mtu ambaye wiki iliyotangulia alikaa pale mpaka chai ya kapteni ikaisha?

"Huyo si yeye," nikasema. Hakuna aliyenisikia. Nikapaza sauti. "Huyo si yeye! Ni kivuli!"

Nilimpigia simu mjomba, haipatikani. Jirani yake, mama anayeuza chai pale barabarani, haipatikani. Nilishuka nikaacha kila kitu kikiwaka, nikatoka nje na viatu vya baiskeli. Mwendesha boda wa kwanza alikataa habari ya Rejaf kwenye mvua ile. Wa pili alinitazama usoni kisha akasema, "Panda, dada."

Hivyo ndivyo nilivyopita tena ile barabara yenyewe, ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilikuwa naijua kwa moyo kutoka kwenye kioo, na haikuwa ile. Ukuta wa yule bwana ulikuwa umebomolewa. Mahali pa mama wa dumu palikuwa na dimbwi. Hakuna mtu aliyekuwa njiani, mvua tu, na nilijikuta natazama kila pembe nikitegemea wale watu watokee kwa zamu yao. Tulipofika kwenye kona nilifumba macho. Halafu nikaona aibu, nikafumbua. Mwarobaini ulikuwepo. Chini yake hapakuwa na mtu.

Nyumba ilikuwa imefungwa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Nikasukuma mlango wa mbele, nikapokelewa na harufu ya moshi wa jenereta. Alikuwa ameiingiza ukumbini isiloane, pale pale mbele ya mlango wa chumba chake. Ilikuwa imezimika, petroli imeisha. Mjomba ni bahili wa petroli, humimina kikombe badala ya lita, na miaka yote nimemcheka kwa ubahili huo. Sitamcheka tena.

Chumbani alikuwa chini, kando ya baiskeli, mguu mmoja bado umenasa kwenye fremu. Nilipiga kelele. Mwendesha boda aliingia, na yule jirani wa chai akaja mbio na kitambaa kichwani, wakamshika mabegani na miguuni. Mimi nilifungua madirisha. Na nilipogeuka nikaiona kompyuta, inawaka kwa betri yake.

Kwetu sote alikuwa amempita Mama. Hapa kwake alikuwa amesimama. Mama alikuwa amejaa kwenye kioo, mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona, ameganda na mdomo wazi na mkono juu. Mjomba alianguka akimtazama.

Nilitaka kuipiga ile kompyuta ukutani. Niliinua mkono kabisa. Nikamwambia Mama, kwa sauti, mwache, mwachilie huyu, mimi nimebaki na huyu tu. Ndipo nikauona mkono wake. Nilikuwa nimeuona kila Jumapili, na kila Jumapili niliupita haraka au kwa macho ya pembeni. Haukuwa unapunga. Vidole vitatu vilikuwa vimekunjwa, kidole cha shahada kimenyooka. Na macho yake hayakuwa kwenye kamera. Yalikuwa yameshampita mjomba, yako nyuma yake, mahali nilipokuwa mimi siku ile.

Nikatoka nje.

Walikuwa wamemlaza kwenye mkeka barazani, upepo wa mvua unampiga usoni. Jirani alikuwa akimwita kwa lugha ya nyumbani na kumsugua kifua. Ilichukua muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha alikohoa, akatapika, akafumbua macho. Alinitazama kama mtu niliyemkatiza mazungumzo.

"Mimi nilipita yeye?" akauliza.

"Hukumpita, Mjomba. Ulisimama."

Akafumba macho, ametulia. Utulivu ule haukunipendeza. "Alikuwa anaita mimi," akasema. "Leo alikuwa anaita kabisa. Mimi nikasimama nisikie. Kwa nini mmetoa mimi?"

Nilimshika kwa mikono yote miwili, na ukali wangu ulitoka wote pale, na machozi nayo. "Hakuwa anakuita! Umesahau alikuwa anasimama pale kufanya nini? Alikuwa anatuhesabu. Mko wangapi, ndicho anachosema. Mko wangapi! Wewe alishamaliza kukuhesabu, alikuwa amefika kwangu. Alitaka kujua asonge asida kiasi gani!"

Mvua ilipiga mabati. Midomo ya mjomba ilianza kutetemeka, nikadhani atatapika tena, kumbe alikuwa anacheka, na kucheka kukageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka kilio ambacho hakukilia hata siku ya kumzika.

"Ya salaam," akasema. "Sahani. Alikuwa anataka sahani."

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya kwa gari la kuazima, wakampa hewa ya oksijeni, wakamweka. Alipotoka alikubali kukaa kwangu mpaka mvua ziishe. Mvua zimeisha. Yeye hajasema kitu, nami sijauliza.

Klabu ilikaa kikao. Kapteni alilia mbele za watu na kusema ni yeye aliyemwitia mzee namba, na tangu leo hakuna mtu kumwitia mwenzake. Ukikatika, safari inasimama na mtu anakwenda kugonga mlango wako. Mwalimu alisema kile kipande cha kona anaweza kukikata, ni kazi ya dakika chache. Watu wote waligeuka kumtazama mjomba.

"Wacha," akasema. "Nani atahesabu sisi?"

Sasa stendi zetu mbili ziko bega kwa bega saluni, na ukitazama kwenye vioo tuko wengi, mimi na mjomba na mimi na mjomba mpaka ndani kabisa. Tukifika kwenye kona msafara wote unasimama, tunaita namba. Moja, mbili, tunakuja hadi saba yangu, na mjomba anasema nane, khalas, kwa sauti ya kiongozi wa zamani. Halafu tunasogea polepole, pamoja, na kidole cha Mama kinasogea nasi. Kinatupita. Siku ile ya filamu tulikuwa wengi zaidi ya wanane. Wengine wamehama, wengine hawapo tena, na kidole hakijui hilo. Kinaendelea nyuma yetu, kwenye barabara ambayo haina mtu. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilitaka tuondoke haraka.

"Mwache amalize," akasema mjomba.

Huwa tunamwacha amalize. Kisha mjomba husema kama alivyokuwa akisema zamani pale pale, akiwa na njaa: "Twende, chakula itakuwa baridi." Kikaragosi cha bluu kinaanza kuzunguka miguu. Mimi sikitazami. Nageuza shingo kwanza nimtazame yeye mwenyewe, magoti yake yakipanda na kushuka, jasho kwenye sikio, ndipo na mimi nakanyaga.